Alama Kifuani mwa Mzee Lotha

Asubuhi hiyo kijiwe cha Ukunda, penye benchi la Hashim muuza kahawa, kilikosa kicheko. Mzee Lotha, mzungu wa Galu, alikuwa amefariki juzi, na hospitali ya Msambweni ilimpigia Makame simu: jamaa zake huko Ulaya wameikataa maiti, njoo utie sahihi umzike. Nani mwingine? Makame ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji miaka minne, tangu kiharusi kimlaze. Alikwishavaa kanzu ya kwenda Msambweni pale Austine, mlinzi wa hoteli waliyemwita Data, alipomwekea simu machoni. Humo Lotha wa ujanani alikuwa akifoka jukwaani, na maelfu ya wazungu wakinyanyua mikono. Bendera zao zilikuwa na alama ileile aliyochorwa mzee kifuani.

— Cheki, buda, Data akasema. Huyu ndiye alikuwa kiongozi wao. Alitaka weusi wote wafukuzwe huko Ulaya. Vijana wake wakachoma nyumba ya wahamiaji, watu wakafia ndani.

— Kisha? Makame akauliza.

— Kisha jela. Kutoka, wafuasi wamegawanyika, wanaitana wasaliti. Watoto wake wakabadilisha jina. Akabaki solo, mfuko umekauka, akaja huku kwa maisha ya bei poa.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, akanena mzee Chirau, Hakimu wa kijiwe.

— Mwenyeji gani amepona hapa, mzee? Data akauliza.

— Huyo alirogwa! Mtu atuchukie hivyo, halafu aje kufia mikononi mwetu? Hiyo kazi ni ya waganga wa Majoreni, Hashim akasema.

— Wapi! Jasusi huyo. Hata kiharusi alikuwa anaigiza, mnywaji mmoja akapinga.

— Basi pengine hata hakufa. Yuko mochari, amelala, anatusikiliza, mwenzake akadakia.

Makame hakucheka. Aliitazama mikono yake. Kila asubuhi aliipaka alama ile mafuta ya nazi, akianza na bismillahi, akidhani ni chale za mabaharia wa kwao. Sasa aliona haya, akaifuta mikono kanzuni.

— Niambieni tu, akasema. Nimzike au nimwache?

— Mwache aoze! Data akasema.

— Maiti huzikwa upesi, Hakimu akasema. Haraka haraka haina baraka.

— Nilimwita Baba, Makame akasema. Baba yangu mwenyewe alizikwa mimi niko Funzi natembeza watalii, sikumwosha. Nikasema, angalau huyu.

Mwinga wa bodaboda, aliyekuja kumchukua, alikuwa amezima pikipiki na kuyasikia maneno hayo ya mwisho tu.

— Wewe ulimwita Baba, akauliza. Na yeye alikuwa akikuita nani?

Makame alitafuta siku moja, hata moja tu, ambayo mzee alilitaja jina lake. Palikuwa na kengele ndogo kando ya kitanda, na ilipoanguka chini mzee, ambaye ulimi wake haukupooza, alimwita kwa mluzi. Data akaizima simu. Hakimu alitafuta methali, akaikosa.

Makame akapanda pikipiki.

— Msambweni, ama nikurudishe nyumbani? Mwinga akauliza.

Makame alikuwa analia, na hakuna mtu kijiweni aliyethubutu kumjibia.