Bi Arwa Astaafu, na Birika Halivuji

Baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, Bi Arwa Zahran, mchoraji wetu mkuu wa ramani za nyumba, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Anaondoka akicheka, na sisi tunashukuru, maana mwezi wa Machi hapakuwa na wa kucheka naye.

Alianza kazi mwaka 1993 katika ofisi yetu ya Mji Mkongwe. Nyumba yake ya kwanza, ya Mzee Hamid kule Kiembe Samaki, aliichora mezani bila kufika kiwanjani, akaweka jiko upande wa kusini. Kusi ilipoanza kuvuma, moshi wote ukahamia vyumbani. Kuteleza si kuanguka: jiko lilihamishwa, naye tangu hapo hachori mstari kabla ya kushinda kiwanjani na chupa yake ya chai, akitazama jua linakopiga na upepo unakotokea. Mahali pamoja majirani walimwitia sheha, kiongozi wa mtaa, wakidhani amekuja kudai ardhi.

Kwa mtindo huo amechora nyumba zaidi ya mia mbili, zenye kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu na madirisha yanayopitisha upepo. Wengi wa wenye nyumba hizo hawajahitaji kiyoyozi mpaka leo.

Nyumba ya mwisho ndiyo iliyotunyima raha. Bi Mwanakheir, mkulima wa mwani wa Jambiani, ana wajukuu wanne na kisima cha maji ya chumvi. Bi Arwa alimchorea birika chini ya baraza, la kukinga mvua ya paani. Vuli iliyopita likajaa, na baada ya siku tatu likawa tupu. Nusu yake ilikaa juu ya jiwe, nusu juu ya mchanga. Mchanga ukadidimia, ukuta ukapasuka. Bi Arwa hakumsingizia fundi. Alisema wazi kwamba alitazama juu, chini hakuchimba. Kiangazi kizima Bi Mwanakheir alibeba maji kwa madumu, na Bi Arwa akakonda.

Yeye na fundi Bakar walilibomoa, wakajenga upya juu ya jiwe tupu. Masika yalipoanza, kila wingu likitanda mjini alipiga simu Jambiani. Ofisini hakuna aliyethubutu kumwomba hata penseli.

Mwanzoni mwa mwezi huu tulikwenda naye kutazama. Mvua zilikuwa zimekatika wiki mbili, na maji hayakupungua ila yale yaliyotekwa. Bi Mwanakheir alimjazia kikombe, akamwambia, "Kunywa, Bi Arwa. Nshapikia, nshafulia, na bado yamo." Bi Arwa akanywa, akakaa barazani, akalia mbele yetu bila kuona haya. Tulishusha pumzi sote.

Bi Arwa, ahsante kwa nyumba zote, na kwa kutufundisha kusema kosa ni letu linapokuwa letu. Mungu akujaalie afya na umri wenye raha. Vuli ikifika, lala usingizi wako. Maji yamo birikani.