Mmea, Mbuzi na Neno "Na"

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha magazeti cha Bi Harikleia, hapa Athene, mkabala na shule ya sheria. Kahawa anaichemsha mwenyewe ndani, kwenye kibirika cha shaba, na kuitoa dirishani. Wenye benchi ni wawili. Hakimu alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, na hajawahi kuhukumu hata paka. Lasembagi ni dereva wa lori. Safari moja ilimfikisha Luxembourg, akalala karibu na Mahakama ya Ulaya, na tangu siku hiyo anaisemea, ndipo jina likamganda. Mimi hukaa pembeni kabisa, nikitikisa kigari cha mwanangu kwa mguu. Asubuhi hiyo alikuja Mirsini, binti wa kaka yake Bi Harikleia, ameshika karatasi. Anasomea kuandika sheria, hasa sheria za jinai za Ulaya. Saa tano angeitwa ghorofani pale shuleni kutetea kifungu alichokitunga mwenyewe. Akipita, ataenda Brussels kufanya kazi na waandishi wenyewe wa sheria hizo. Jaribio la kwanza walimkataa, kwa sababu aliandika "na" palipotakiwa "au". Na hili la leo ndilo la mwisho. Hakuna jaribio la tatu.

— Soma, binti yangu, alisema Hakimu. Mahakama imekaa.

— "Mtu anayechuma, anayemiliki au anayesafirisha mmea unaolindwa kwa makusudi, atafungwa."

Lasembagi akaweka kikombe chini.

— Kwani kuna mmea unaolindwa kwa bahati mbaya?

— Sijasema hivyo!

— Umeandika hivyo. "Unaolindwa kwa makusudi." Mimi nikichuma ule unaolindwa kwa kusahau, nakwenda zangu nyumbani.

— Wewe ni dereva, Lasembagi, akasema Hakimu.

— Ndiyo. Na dereva anajua kibao kikiwekwa mahali pabaya, watu wanaingia shimoni.

Mirsini akacheka, akakata maneno na kuyasogeza mbele.

— Basi hivi: "Mtu ambaye, kwa makusudi, anachuma, anamiliki au anasafirisha mmea unaolindwa, atafungwa."

— Hapo imenyooka! Hakimu akajipiga paja.

— Imenyooka mpaka kwa mama mkwe wangu, akasema Bi Harikleia dirishani. Yule kila kiangazi anapanda mlimani kuchuma chai ya porini. Na makusudi anayo, tena ya kugawia watu.

— Basi ndani, akasema Hakimu. Na wewe pia. Mchuma janga hula na wa kwao.

— Mimi nimefanya nini?

— Chai yake hukunywa?

— Nilikunywa, ikaisha!

— Kabla haijaisha ilikuwa tumboni. Tumbo ni ghala, Bi Harikleia. Ulimiliki.

— Shangazi, usimsikilize, alisema Mirsini. Hatulindi kila jani. Ni ile mimea iliyobaki michache tu.

Lakini Lasembagi alikuwa ameshasogea mbele, na akisogea mbele ujue hazuiliki.

— Tuseme nyuki. Anachukua unga wa ua la mmea huo, anavuka mpaka, anatua Bulgaria. Hati ya kumkamata inatoka hapa, kule wanaitekeleza, maana ndiyo sheria ya Ulaya, wanaaminiana. Wabulgaria wanamfunga. Akirudi hapa, mnaweza kumshtaki tena?

— Hapana, akasema Mirsini. Kosa moja halihukumiwi mara mbili.

— Umeona? Na sheria yenyewe iko kwa lugha ishirini na nne, zote sawa. Nyuki atachagua ya Kifini, ndefu kuliko zote. Mpaka hakimu amalize kuisoma, nyuki ameshakufa kwa uzee.

— Nyuki hana makusudi, alisema Hakimu. Kesi imefutwa.

— Mbuzi je?

— Mbuzi naye hana.

— Hujawahi kuishi na mbuzi wa Krete, bwana. Anakutazama machoni, anachuma, anamiliki tumboni, anasafirisha hadi kwa jirani. Makosa matatu, na ndevu hazimtikisiki!

Bi Harikleia alicheka mpaka kahawa ikafurika jikoni. Mirsini alikuwa akitazama saa. Zilibaki dakika chache, na uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu aliyekagua nyumba na kufunga milango yote.

Ndipo akaja askari wa barabarani, kijana mgeni mtaani, kununua mkate wa ufuta. Alisimama akisubiri chenji, akasikia kifungu kikisomwa mara ya mwisho.

— Samahani, dada, akasema. Nikimkamata huyo mtu, mmea naufikishaje kituoni?

— Unaubeba, akajibu Hakimu.

— Kwa makusudi?

Benchi zima likamgeukia. Hata mwanangu aliacha kunyonya kidole.

— Mtuhumiwa aubebe mwenyewe, alijaribu Hakimu.

— Kwa amri yangu? Nimfundishe kosa la pili?

— Abebeshwe mbuzi, akasema Lasembagi, lakini hakuna aliyecheka.

Mirsini akachomoa kalamu nyuma ya sikio.

— "Mtu ambaye, kwa makusudi na bila idhini ya sheria..."

— Hapo hapo! Hakimu akanyoosha kidole. "Na" au "au"? Jihadhari, binti. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

— "Na."

— "Na" ndiyo iliyokuangusha!

— Kule nilikosea, hapa ndiyo yenyewe. Nikiweka "au", askari anaingia ndani, maana makusudi anayo. Nikiweka "na", lazima yawepo yote mawili: makusudi, tena hana idhini. Askari amepona, mchumaji amebaki ndani.

Akaikunja karatasi, akavuka barabara bila kugeuka nyuma.

Tulinywa kahawa nyingine. Askari hakuondoka, alisema zamu yake inaruhusu, nasi hatukumwuliza kifungu gani. Kisha dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguka, Mirsini akatoa nusu ya mwili nje.

— Shangazi! Wameuliza la askari! La kwanza kabisa! Nimepita!

Bi Harikleia akajifuta macho kwa aproni. Hakimu akasema swali lile alikuwa nalo tangu asubuhi, alingoja mtu wa kuliuliza. Lasembagi akasema Luxembourg hulijibu kila Jumatano.

Askari akavaa kofia yake.

— Nimefurahi, akasema. Sasa hiyo idhini, mimi naichukua dirisha gani?

Hakimu akamtazama Lasembagi. Lasembagi akamtazama Bi Harikleia.

— Langu ni la kahawa, akasema Bi Harikleia, na imekwisha.