Chiriku Abaki kwa Shangazi Yake

Sogeeni, wanangu, nyote wawili, na wewe mwanangu wa kiume usisimame mlangoni kama mpita njia, keti hapa miguuni pangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena na haya sitayarudia.

Nyote niliwazaa katika jengo lile lile, lilipokuwa hospitali ya wazazi nami dobi wake, nikifua mashuka yenye damu mpaka siku uchungu uliponishika. Hospitali ikafungwa, ikawa ofisi ya ustawi wa jamii, na chumba nilichokuzalia wewe, chenye vigae vyeupe na tundu la maji sakafuni, ndicho alichopewa dada yako aweke meza yake ya afisa ustawi. Na humo humo ndimo ulimoambiwa kwamba mwanao Chiriku hutarudi naye nyumbani.

Tangu hapo hamsalimiani. Unasema dada yako amekuibia mtoto. Hakukuibia! Mkeo alipofariki uliikumbatia chupa, ukamfungia mtoto ndani, majirani wakavunja mlango wakamkuta midomo imemkauka, anatafuna karatasi. Mtoto tuliyemwita Chiriku kwa sababu hakuwa akinyamaza, leo hatamki neno. Dada yako angefanyaje? Angekustahi wewe, tungemzika yeye.

Nawe binti yangu, ulitenda haki, lakini ulimsemesha kaka yako mbele ya wenzako kama mtu uliyemwokota barabarani, hata kumwambia pole ulishindwa. Hilo nalo nalibeba mpaka kaburini.

Basi nausia hivi. Nyumba hii ni ya Chiriku, na shangazi yake ahamie humu amlee. Wewe, mwanangu, usilale humu mpaka uache pombe, na mtoto mwenyewe akubali kukaa nawe.

Usiinuke. Nimesema usiinuke! Nakutoa nyumbani, sikutoi moyoni. Kila Ijumaa nenda kamwone pale ofisini, hata akijificha nyuma ya sketi ya shangazi yake. Usimvute, usimlilie, kaa tu akuzoee.

Mnizike kando ya baba yenu. Siku hiyo msimame pamoja, watu wawaone.

Nipeni maji... tone tu. Binti, mpishe kaka yako, aninyanyue kichwa yeye... Hivyo hivyo. Mungu awahurumie... awape kusemeshana... awalindie huyo mtoto... Usiniachie. Sioni tena, lakini bado... bado nakusikia unalia.