Manang Loreta Hakula Pansit

Leo, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili, Manang Loreta Sumagaysay, dada yetu mkubwa kama neno Manang lisemavyo, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, anastaafu katika hospitali yetu hapa Iloilo, Ufilipino.

Alianza kwa kuosha mikasi. Roboti ya upasuaji ilipofika na padri akainyunyizia maji ya baraka, Manang ndiye aliyechaguliwa kusimama kando ya mgonjwa na kubadilisha vyombo kwenye mikono ya mashine, huku Dokta Esquivias, daktari wetu wa upasuaji, akiiongoza kwa vidole, ameketi pembeni. Aliipenda. Kila mwaka tuliiadhimishia siku ya kuzaliwa kwa pansit, tambi ndefu za kuombea maisha marefu, na mpishi alikuwa yeye. Siku moja alimzuia mkurugenzi mlangoni kwa sababu kofia yake iliacha nywele nje.

“Mbili tu, Manang!”

“Basi ziingize, bosi, ndipo uingie na wewe.”

Tena aliandika. Jina la kila mwanamke, aina ya saratani, tarehe ya upasuaji, na kama alirudi. Wenye saratani ya mji wa mimba walikwenda nyumbani siku ya pili wakitembea, wakabaki huko. Wenye saratani ya mlango wa kizazi walianza kurudi na saratani ileile: sita kati ya ishirini na wawili. Kwa wenye saratani hiyo waliopasuliwa tumbo kwa mkono, mmoja tu kati ya karibu idadi hiyohiyo.

Tarehe 9 Machi alimpelekea Dokta Esquivias daftari. Nilikuwepo.

“Manang, wewe hesabu mikasi. Wagonjwa niachie mimi.”

“Mikasi imetimia, Dokta. Hawa ndio hawatimii.”

Daftari halikufunguliwa. Tangu mwaka huo alipika pansit ya roboti, akatugawia sote, yeye asionje.

Miezi kumi na tisa baadaye ulitoka utafiti wa ng'ambo ukisema yaleyale, na upasuaji wa mlango wa kizazi ukarudishwa kwenye mkono. Katika miezi hiyo, wanawake kumi na wanne wenye saratani hiyo walikuwa wamelazwa chini ya roboti. Watano wamefariki. Nani kati yao angepona, hatujui. Dokta alipewa cheti cha kupokea mabadiliko mapema. Manang hakutajwa.

Leo amepika pansit mwenyewe, kwa mara ya mwisho. Ameomba jambo moja: kabla hatujala, Dokta Esquivias asome majina matano kutoka kwenye daftari, kwa sauti. Dokta amekubali.

Asante, Manang, kwa mikono yako na kwa macho yako. Tunakuombea miaka mingi yenye utulivu huko kisiwani Guimaras. Na leo, majina yakishasomwa, tafadhali ule na wewe.