Fundi Optatus na Jaruba la Mwisho

Ndugu waombolezaji, Fundi Optatus Chiute alizaliwa Zuzu tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa mzee William, na tangu utotoni hakuacha kitu kilichofungwa bila kukifungua, ikiwemo redio ya baba yake, ambayo haikuimba tena. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Zuzu, 1977 hadi 1983, akajifunza ufundi mitambo Dodoma mjini, na mwaka 1991 akaajiriwa kutunza pampu za mashamba ya mpunga Bahi, akigombana na kila mtu mpaka maji yafike jaruba la mwisho, kile kitalu cha mpunga kilicho mbali kabisa na pampu. Alifunga ndoa na Cecilia tarehe 7 Oktoba 1995, wakajaliwa mabinti wawili, Penina na Brightness.

Tarehe 3 Juni 2024 alishikwa na maumivu ya kifua, moyo ukalegea hata ukashindwa kusukuma damu, madaktari wakampitishia pampu ndogo kwenye mshipa wa paja iusaidie kwa muda, naye, badala ya kuogopa, akataka kujua inazunguka mara ngapi kwa dakika. Alipoambiwa ni maelfu, alicheka, akasema zile za Bahi ni za kivivu.

Wauguzi walikataza mguu ule kufunikwa, kwa kuwa bomba la pampu linaweza kuziba mshipa damu isiteremke, na rangi ya ngozi lazima ionekane, lakini mdogo wake Seth, ndiye huyu anayewasomea, alipogusa unyayo akakuta ni wa baridi, alimwonea huruma kaka yake, akamvisha soksi za sufu, na mguu ukabadilika rangi humo ndani bila mtu kuona, mpaka muuguzi wa zamu alipozivua. Seth analiungama hili mbele yenu, na linamuuma. Optatus hakumkaripia, alimtania tu kwamba ni fundi gani anayeona bomba limeziba akalifunika nguo.

Madaktari walimweleza wazi kwamba pampu ikibaki mguu utakufa, ikitolewa moyo huenda ukashindwa kufanya kazi peke yake, akauliza maswali mpaka akaridhika, akachagua itolewe. Ilitolewa tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, moyo ukajitahidi kwa saa mbili, na katika muda huo alimwomba Seth ashike unyayo wake, akamuuliza kama maji yamefika jaruba la mwisho, na unyayo, uliokuwa wa baridi, sasa ulikuwa umerudiwa na joto. Alifariki saa sita mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu kila alichouliza, majirani wa Zuzu waliotupikia siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake wa Bahi, ambao leo wamekuja kwa zamu bila kuzima pampu, kwa sababu angewagombeza.

Maji yamefika, kaka. Pumzika sasa kwa amani.