Shangazi Aliyesahihisha "Dini Zote"

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika gazeti letu, Shangazi atarudisha ufunguo wa kabati lake na kutoka kwa mlango wa mbele akiwa mstaafu. Si shangazi wa mtu yeyote humu kwa damu, lakini kuanzia mlinzi wa getini hadi Mhariri Mkuu hakuna anayemwita vinginevyo. Jarida la wafanyakazi limeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu ilitazamana na yake kwa muda mrefu. Ofisi ya utawala nayo ikanishauri niseme kwamba "alihudumu kwa uaminifu katika vitengo mbalimbali". Uaminifu, sawa. Lakini kitengo chake cha mwisho alipelekwa kama adhabu, na hilo sitalipaka asali.

Alianza kama msahihishaji wa makala, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akiwa na kalamu nyekundu na jicho ambalo halikusinzia. Alisahihisha kila kilichoandikwa. Mashine ya chai ilipoharibika na mtu akabandika karatasi "Haifanyi kazi kwa sasa", yeye alivumilia majuma kadhaa, kisha akapita na kukata maneno "kwa sasa". Toka chumba kile alipanda hadi dawati la barua za wasomaji, na gazeti lilipofungua tovuti akakabidhiwa jukwaa la mijadala ya imani lililoitwa Dini Zote.

Wasomaji walimbatiza Bi Mkasi, jina la uonevu, maana hakuna msimamizi aliyekata kidogo kama yeye. Sheria yake ilikuwa moja: pambana na neno, mwache aliyelisema. Wakristo waliamini ni Muislamu, Waislamu waliapa ni Mkristo, na siku alipowanyamazisha wote wawili kwa pamoja waliafikiana, kwa mara ya kwanza, kwamba hana dini. Dini yake anaijua Mungu, na mumewe ambaye ndiye humsindikiza kwenye ibada.

Ila kulikuwa na jambo lililomkera kama jiwe ndani ya kiatu. Katika jukwaa lile lenye jina kubwa, Wahindu na Wabudha walikuwa wakizungumzwa, si wakizungumza. Mtu aliweza kuandika mambo ya ajabu kuhusu imani zao, na watu mia wakampigia makofi, bila hata mmoja kujiuliza kama mwenye imani hiyo yumo humo humo anasoma. Nao walikuwemo. Walisoma na kunyamaza, kwa sababu kila aliyefungua mdomo alijuta.

Mmoja wao ni mfamasia mwenye duka nyuma ya ofisi zetu, mtu aliyezaliwa mtaa huu huu na kutuuzia dawa ya kikohozi sote. Aliandika jukwaani, "Mimi ni Mhindu." Mtambo wa kusahihisha tahajia haukulijua neno hilo. Ukalibadilisha kuwa "Mhindi". Imani ya mtu ikageuzwa asili yake, na majibu yakaja mbio: rudi kwenu. Mtu yuko kwao! Shangazi alikwenda kwa fundi wa mitambo akamwomba aliingize neno moja tu katika kamusi ya mtambo. Fundi akasema ombi lake limepokelewa. Lilipokelewa, likalala.

Kisha ikaja ile wiki ambayo gazeti liliitangaza kwa mbwembwe, wiki ya mjadala juu ya kifo na maombolezo. Mama wa mfamasia alikuwa amefariki muda si mrefu. Akaandika, kwa upole, jinsi walivyouchoma mwili wake, na jinsi yeye kama mwana mkubwa alivyowasha moto kwa mkono wake, na kwa nini kwao hilo ni heshima ya mwisho. Akaambiwa amemchoma mama yake kama takataka. Nayasema maneno haya kama yalivyo kwa sababu yalikaa kwenye ukurasa wetu, chini ya nembo yetu. Alipowajibu, kundi la watu lilibofya kitufe cha kuripoti, na mtambo, ambao kazi yake ni kuhesabu tu, ukalificha jibu lake. Tusi likabaki wazi, jibu likafichwa.

Wiki hiyo hiyo muuguzi mmoja, Mbudha, anayehudumia wagonjwa wasio na matumaini ya kupona, aliandika namna anavyokaa nao saa zao za mwisho, akifuata pumzi zao kwa utulivu kama alivyofundishwa katika imani yake. Mtambo uliona "pumzi", ukaona "kukaa kwa utulivu", ukaamua hayo ni mazoezi ya mwili. Ukamhamishia ukurasa wa afya. Alimpigia Shangazi simu akiwa anacheka, kwamba yeye kaandika habari za kufa, kajikuta amepangwa na watu wanaopunguza vitambi. Alicheka, halafu akakata simu kabla hajamaliza sentensi iliyofuata.

Mfamasia hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, bado amevaa koti lake jeupe la kazini, akasimama mbele ya meza ya Shangazi. Alikataa kiti.

"Sikuja kulalamika kwamba nimetukanwa, Shangazi," alisema. "Matusi nimeyazoea. Nimekuja kuuliza kwa nini jibu langu halionekani."

Shangazi alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akapanda ghorofani kwa Mhariri Mkuu, aliyekuwa peke yake na ruhusa ya kuuzidi mtambo, kuomba jibu lile lirudishwe, na mtambo usimamishwe. Akajibiwa kwamba mtambo hauna ubaguzi, unafuata wasomaji, na wahenga walishasema wengi wape. Shangazi alijibu kwamba anaijua methali hiyo na mkia wake, usipowapa watachukua. Na kwamba hao wengi wamekwisha kuchukua, yeye anaulizia waliobaki. Akaambiwa arudi kazini.

Wiki ilipokwisha, ofisi ya Mhariri Mkuu iliandaa muhtasari wa kuwekwa juu kabisa ya tovuti: "Dini Zote Zazungumza Juu ya Kifo". Ndani yake mlikuwa na mapadre, masheikh, wachungaji na walimu wa madrasa, watu wa heshima zao, na maneno yao mengi yalikuwa mazuri. Hamkuwa na Mhindu wala Mbudha hata kwa koma. Muhtasari uliletwa kwa Shangazi aupitie kama kawaida, kisha aurushe. Aliusoma mara mbili. Akafuta neno moja, akaandika jingine, akaurusha. Kichwa kikasomeka: "Dini Mbili Zazungumza Juu ya Kifo".

Kilikaa hewani mchana kutwa kabla wakubwa hawajakiona, jambo linalokuonyesha nani husoma gazeti letu na nani huliongoza tu. Alipoitwa, nilipelekwa pamoja naye kama shahidi wa upande wa wafanyakazi, hivyo nayasema niliyoyasikia kwa masikio yangu. Mhariri Mkuu alimuuliza kwa ruhusa ya nani amebadilisha kichwa cha habari.

"Sikukibadilisha," Shangazi alisema. "Nimekisahihisha. Kilikuwa na kosa, na ninyi mliniajiri niondoe makosa."

Hakupandisha sauti. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, akaificha chini ya meza. Alikuwa na karo za watoto na mume ambaye mgongo ulikuwa umemlaza, na alijua vizuri anachokiweka rehani. Walimpa onyo la maandishi, wakamnyang'anya jukwaa, wakamhamishia dawati la matangazo ya vifo. Nadhani waliona ni mzaha mzuri.

Huku nje kumbe kichwa kile kilikuwa kimeshazagaa kwenye simu za watu. Na wale waliosoma kimya miaka yote wakaanza kuandika. Mwalimu wa hisabati akasema yeye ni Mhindu na humu ndani hajawahi kulitamka. Dereva wa gari la wagonjwa akasema ni Mbudha, na wanaomfahamu, wakiona anavyojifungia kila jioni kutafakari, wanadhani ni mtu wa kulala mapema tu. Muuguzi akaandika upya, na mfamasia akalirudia jibu lake lote, neno kwa neno. Walioripoti wakaripoti, lakini safari hii waliobofya kuwaunga mkono walioandika, Wakristo na Waislamu wakiwemo, walikuwa wengi zaidi, na mtambo wenye kuabudu wengi ukapiga magoti upande wa pili. Uongozi ulijaribu kufunga maoni, ukashindwa. Hatimaye ukakubali kwamba andiko lolote lililoripotiwa litasomwa na binadamu kabla halijafichwa, na neno "Mhindu" likaingizwa kwenye kamusi, kazi ambayo fundi aliifanya kabla chai yake haijapoa.

Shangazi hakurudishiwa jukwaa. Na mwaka uliofuata, gazeti letu lilipotunukiwa ngao kwa "kupaza sauti za imani zote", aliyepanda jukwaani kuipokea na kupigwa picha ni Mhariri Mkuu, huku Shangazi akiwa chini kwenye dawati la vifo akipokea simu ya mjane. Hakualikwa. Alipoonyeshwa picha ya ngao aliitazama kwa makini, akasema wamekosea tahajia ya "ushirikishwaji". Sisi tulicheka. Mimi hadi leo hasira haijanitoka.

Dawati lile la adhabu nalo alilitengeneza. Matangazo yote yalikuwa na mfano mmoja uliosema "mazishi yatafanyika", hata kwa familia ambazo haziziki wafu wao. Aliuondoa. Akawa anawauliza wafiwa wenyewe wanasemaje kwao, anasikiliza, anaandika kama walivyosema. Watu waliofika mlangoni na macho mekundu waliondoka wakiwa wamesikilizwa, na familia nyingine zilirudi baada ya msiba kumshukuru tu.

Shangazi, asante. Asante kwa kalamu nyekundu, kwa vicheko, na kwa siku ile uliyotetemeka na ukasema hivyo hivyo. Tunafurahi kwamba mgongo wa mzee umepona na kwamba mnahamia karibu na binti yenu, ambako tunasikia mjukuu ameanza kuuliza kwa nini kuhusu kila kitu. Amepata mtu wake. Uwe na afya, usingizi mzito, na majirani wabishi wenye adabu. Na uishi miaka mingi ukisema unachotaka, mahali ambapo hakuna wa kukuhamisha.