Gunzi la Kuziba Injini

Basi la Donholm lilikuwa likijikokota karibu na soko la Burma. Mbele yangu mwanamume alimwambia mama mmoja muuza spea za magari, "Mpira wa kupumulia injini ya gari langu ulikuwa unatema oili. Nimeuziba na gunzi." Hata mimi huziba mtungi wangu hivyo, lakini mtungi haungurumi.

"Baba, umeinyima injini pumzi! Presha itafumua sili zinazozuia oili, yote imwagike. Ungeuosha tu na sabuni, ulikuwa umejaa uchafu. Gari liko wapi?"

"Mke wangu analiendesha kwenda Nyeri."

"Mpigie asimame!"

Akapiga, akapiga tena. "Hashiki simu akiendesha," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza."

Basi liliposimama alishuka, kituo si chake, simu sikioni.